Boti Ikilala

Mliponiaga ofisini mlinipa kitenge kizuri, keki iliyozidi sukari, na ombi la hotuba. Kitenge nimeshakishonesha. Hotuba sikutoa, kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma na watu wote walinitazama kana kwamba nitasema jambo kubwa. Sasa nimekaa hapa Buhembe, nyuma ya nyumba. Migomba inataka kupunguzwa majani na mimi nguvu ya kuipunguza sina, basi ninaandika. Andiko hili ni lenu, Jasinta na Edga, mliobaki na ofisi yetu ya uwakala wa bima na zile kampuni zake tatu. Wengine wakilisoma si vibaya, ila wasitafute humu habari za vyeo. Nilikuwa wakala nilipoanza, na nilikuwa wakala nilipomaliza.

Siku ya kwanza kazini sikuingia ofisini kabisa. Ta Rutta, aliyeifungua ofisi hiyo na kunifundisha karibu kila nilichokijua, alinikuta mlangoni akaniambia tunakwenda Kemondo kuona boti. Alikuwa mzee mwembamba, mfukoni hakosi kahawa ya kutafuna, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walimsogelea wakidhani anawapa siri. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Nilijua nimeajiriwa kwenye bima, na bima kwa mawazo yangu ilikuwa meza, feni na muhuri.

Kemondo alinionyesha boti ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu. Akanituma niingie, niitazame, kisha nitoke.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Boti, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima. "Ya bluu. Ina injini moja."

"Itakufaje?"

"Boti?"

"Sasa nani, mimi? Itakufaje?"

"Sijui."

"Basi hujaona kitu. Rudi."

Nilirudi, na safari hii kisigino changu cha kulia kilinasa katikati ya mbao mbili za chini. Nilipokuwa nakivuta niliona maji yanachungulia kwenye ule mwanya. Nikatoka nachechemea, nikamwambia itakufa kwa kuvuja. Ta Rutta akatia kahawa nyingine mdomoni. "Umeanza kuona," alisema. Kisigino kilibaki humo ndani. Viatu nilikuwa nimeazima kwa dada yangu wa Hamugembe, ambaye mpaka leo hajalisahau jambo hilo.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kulinganisha bima, nami niliifuata. Mteja anapokuja anataka kujua kampuni ipi ni rahisi. Wote huanza hapo, siwalaumu. Ta Rutta alikuwa anatandaza mezani hati za kampuni zote, kisha anakunja pembe ya kila karatasi pale ada ilipoandikwa, isionekane. "Kwanza tuzamishe boti," anasema, "halafu tuone nani atakuja kuitoa." Anamuuliza mteja boti yake inaweza kupotea vipi: kwa upepo, kwa wizi, kwa jiwe, kwa moto wa petroli, kwa mizigo iliyozidi. Wanachagua ajali moja, wanaipitisha kwenye hati ya kwanza mpaka mwisho, kisha wanaipitisha ile ile kwenye hati nyingine. Ikishapita kote ndipo anakunjua pembe. Kufikia hapo mteja huwa ameshaacha kuuliza ipi ni rahisi, anauliza ipi itamlipa.

Kampuni hizo zina majina marefu, lakini mialoni, huko boti zinakopaki na samaki wanakoshushwa, hakuna aliyeyataja. Watu walizitambua kwa zawadi zao. Moja ilikuwa Kalenda, nyingine Kikombe, na iliyokuja baadaye ikawa Fulana. Nami nitaziita hivyo hivyo. Ninyi mnazijua, na mimi sitaki kuitwa Mwanza, kwenye ofisi zao kuu, kujieleza nikiwa mstaafu.

Chukueni injini kuibwa, jambo la kila siku ziwani. Kalenda walilipa kama injini ilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na kufuli lenyewe liwe limevunjwa. Mwizi akija na ufunguo, pole yako. Kikombe walilipa hata bila mnyororo, ila ile sehemu ya hasara wanayomwachia mwenye boti aibebe mwenyewe ilikuwa kubwa, na ada yao ilikuwa juu. Halafu njooni kwenye mipaka ya maji. Kalenda ilikuwa rahisi, lakini ukisoma mbele unakuta inailinda boti ikiwa karibu na nchi kavu tu, na mvuvi wa sangara wa Muleba hamfuati sangara karibu na nchi kavu. Kikombe walifika mpaka visiwani. Basi mtu wa Bukoba anayesogeza mizigo ufukoni ilimfaa Kalenda, na mtu anayekwenda Bumbire ilimfaa Kikombe. Kumpa mmoja hati ya mwenzake ni kumuuzia karatasi ya kufungia vitumbua. Mkiulizwa kampuni ipi ni bora, msijibu. Ulizeni kwanza boti inakwenda wapi.

Vifaa vyangu vilikaa katika mkoba mmoja mpaka mwisho. Vilikuwa utepe wa kupimia, tochi, kipande cha sabuni na msumari wa inchi sita. Msumari ni wa kuchomea mbao chini ya mstari wa maji. Ukiingia kwa kusukumwa na kidole, boti hiyo imeoza hata kama inang'aa. Nilijifunza kuogopa boti iliyopakwa rangi wiki ile ile inayotaka bima. Sabuni ni ya kupaka kwenye mipira ya mafuta: penye tundu hutoa mapovu. Edga, ulinicheka kwa sabuni hiyo, ukaniambia siku hizi kuna kifaa. Kifaa ulikileta, betri ikaisha tukiwa mwaloni, na sabuni ikafanya kazi.

Tatizo la njia ya Ta Rutta lilikuwa neno moja. Mara ya kwanza aliponiachia niende peke yangu, nilikwenda kwenye mwalo mmoja wa Muleba unaotazamana na Bumbire. Niliwakuta watu wanaanika dagaa, boti zao zimevutwa mchangani hapo hapo. Nikasalimia, nikajitambulisha, nikauliza kama nilivyofundishwa: "Boti ikizama mtafanyaje?"

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Mwanamke wa rika langu, aliyekuwa na beseni la dagaa kiunoni, akanishika mkono akanivuta kando kama mtoto aliyetukana kanisani.

"Mae! Usilitaje hilo mbele ya boti za watu. Hapa tunasema imelala."

"Hata kama imekwenda chini?"

"Hiyo ndiyo tunayoisemea. Ikilala inaweza kuamka. Ukisema lile jingine umeshaifunga."

"Na waliokuwa ndani?"

"Nao wamelala. Wanangojwa."

Mwanamke huyo ndiye Ma Koku. Wakati huo hakuwa na boti. Alikuwa ananunua dagaa wa wengine na kuwapeleka mnadani. Niliporudi nilimweleza Ta Rutta, nikamshauri tubadilishe swali. Alitikisa kichwa. "Hati inasema kuzama," alisema. "Fidia hailipwi kwa kulala. Afadhali mtu akasirike leo mezani kwangu kuliko alie kesho mlangoni kwangu." Nikamtii. Alikuwa na hoja, na mshahara ulipitia kwake.

Ta Rutta alipostaafu aliniachia meza, mkoba na deni la kupaka ofisi rangi. Nilizamisha boti za watu kwa mdomo miaka mingi. Wapo walionizoea. Wapo waliofanya ishara ya msalaba kabla ya kukaa. Mmoja, mfanyabiashara wa mtaa wa Bakoba, alikuwa anaziba masikio na kumwacha mkewe ajibu. Huyo injini yake ilifunguka skrubu ikadondoka ziwani mchana kweupe, watu wakiitazama. Kalenda wakasema haikuibwa bali ilianguka, na kuanguka hakumo. Nilisafiri mara kadhaa kwa ajili ya injini hiyo na nilishindwa. Tangu hapo kila mteja nimemwambia afunge injini kwa kamba ya pili, na wengi wameitikia kwa heshima na kamba hawakununua. Kazi yetu kwa sehemu kubwa ni hiyo, kurudia maneno yale yale kwa watu wenye heshima.

Ma Koku alikuja ofisini siku moja akiwa na mwanawe, Deusi. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa ameuza kahawa ya misimu kadhaa na shamba la chini, akajengesha boti. Aliniambia jina lake kabla hajakaa: Wakola, asante kwa Kihaya. Deusi ndiye nahodha. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, aliyeinama kupita mlangoni petu ingawa mlango ule haumlazimu mtu kuinama. Tuliagiza chai. Nilifurahi kumwona mama yule na boti yake mwenyewe, nikataka kumhudumia vizuri kuliko nilivyomhudumia mtu yeyote.

Nikatandaza hati. Nikakunja pembe.

"Haya, Ma Koku," nikasema. "Tuzamishe Wakola kwanza."

Alisimama. Chai yake hakuigusa.

"Wewe nilikuambia," alisema.

"Ma Koku, ni njia tu ya kupima..."

"Nilikuambia zamani ukiwa mgeni, nikakusamehe kwa ugeni. Sasa ni jina la boti yangu umelitia mdomoni pamoja na neno hilo, na mtoto wangu amekaa hapa."

Akatoka. Deusi alibaki nyuma kidogo, akacheka kwa aibu, akaomba nimwonyeshe ada ya Kikombe. Nikakunjua pembe. Akapiga mluzi.

"Ndiyo inayofika Bumbire hii?" aliuliza.

"Ndiyo pekee."

"Nitazungumza naye, Ma Resti. Atapoa."

Hakupoa mapema, na katikati hapo Fulana wakaja. Walimleta muuzaji wao mwenyewe na pikipiki, akapita mialo yote ya Muleba akigawa fulana za kijani na vipeperushi. Kipeperushi kilikuwa na picha ya boti na maneno makubwa: BOTI YAKO IKILALA, TUNALIPA. Ada yake ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Watu walipanga foleni.

Hati ilipofika ofisini kwetu niliisoma yote, nikaisoma tena. Aliyeiandika hakuwa tapeli. Alijua kwamba mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, na boti huvutwa mchangani zikapumzika mpaka giza lirudi. Boti inayopumzika hivyo yeye aliiita boti iliyolala. Hati ililipa ikiibwa au kuungua ikiwa imelala mchangani. Ikigusa maji, kinga inakatika. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Mtu mmoja mbali na mialo yetu alitafuta neno zuri la Kiswahili, akaliokota lile moja ambalo huku kwetu lina maiti ndani.

Nilipiga simu Mwanza. Nikawaeleza watu wa Muleba wataelewa nini. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Mama, hicho ni Kiswahili sanifu," aliniambia.

"Najua ni sanifu. Sicho kinachozungumzwa mwaloni."

"Tutalifanyia kazi."

Nikapanda gari nikaenda mwenyewe. Nilisimama kwenye mchanga nikawaeleza watu, na waliponisikiliza walinihurumia. Muuzaji wa pikipiki alikuwa amenitangulia kuwaambia kwamba mawakala wa mjini wana faida yao kwenye bima za ghali. Ma Koku nilimkuta anakunja nyavu. Hati ya Fulana alikuwa nayo tayari, na Deusi alikuwa ndani ya fulana yake.

"Hii hailipi ikiwa majini," nilimwambia.

"Imeandikwa ikilala."

"Wao wakisema imelala wana maana iko hapa mchangani."

"Boti iliyo mchangani ina shida gani mpaka ilipiwe?" aliniuliza, na kwa kweli swali lilikuwa zuri. "Hawa wanaongea kama watu, Ma Resti. Wewe unaongea kama polisi."

Nikarudi Bukoba. Nilichoka siku ile kuliko siku nyingi zilizofuata, na zilizofuata hazikuwa nyepesi.

Wakola ilipatwa na upepo mchana, ikirudi kutoka Bumbire. Walikuwa watatu ndani. Wawili walishikilia madumu ya mafuta mpaka boti nyingine ikawaokota. Deusi hakuonekana. Walimtafuta kwa boti zote za mwalo ule na za mialo ya jirani. Tangazo la kumtafuta lilisema ni mrefu, amevaa fulana ya kijani yenye jina la kampuni ya bima mgongoni. Padri alisoma misa. Ukoo wa marehemu baba yake Deusi ulikuja na kutaka kuzika mgomba, kama inavyofanywa mtu asipopatikana, ili awe na kaburi. Ma Koku aliwapa chakula, akawaambia hakuna wa kuzikwa. Deusi amelala.

Madai aliyaleta mwenyewe ofisini kwetu, kwa kuwa muuzaji wa pikipiki hakuonekana tena. Hakunilaumu na mimi sikumkumbusha kitu. Nikajaza, nikatuma. Jibu lilirudi haraka, na jibu la haraka katika kazi hii si zuri: boti haikuwa imelala wakati wa ajali, ilikuwa safarini, kwa hiyo hakuna malipo.

Bila boti hakuwa na kitu. Shamba la chini lilikuwa limeuzwa. Kilichobaki kilikuwa kibanja cha kuzunguka nyumba, na mtu halishi ukoo kwa kibanja cha kuzunguka nyumba. Nikaandika barua, nikapiga simu, nikaandika barua. Mwishowe nikaomba kitu kimoja tu, watume mtu aje mwaloni awaulize watu swali moja.

Walimtuma mkaguzi wa hasara, Bwana Omari, mtu wa Pwani, mpole, mwenye kofia ya jua. Sikumweleza lolote njiani zaidi ya habari za barabara. Tulipofika akamwendea mama aliyekuwa anaanika dagaa, akamsalimia, akauliza ilipo boti ya Ma Koku.

"Imelala," alisema mama yule.

"Imelala wapi? Ningependa kuiona."

Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono kuelekea ziwani.

Bwana Omari akadhani hakusikia vizuri. Akamuuliza fundi aliyekuwa anaziba boti. Imelala. Akamuuliza katibu wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, mtu mwenye kalamu mfukoni. Imelala, waitu, pole kwa safari. Kila mmoja alionyesha kwenye maji. Mkaguzi akavua kofia. Alikaa juu ya ukingo wa boti iliyopinduliwa akaandika kwa muda, na alipomaliza aliniuliza kama kuna mahali pa kunywa soda. Alikuwa mtu mwema. Ripoti yake niliiona baadaye, na haikuwa na neno la kuficha.

Kampuni ikakubali kulipa. Boti, injini, nyavu, vyote, kana kwamba alikuwa na kinga ya majini. Nilicheka peke yangu ofisini niliposoma. Kisha nikafika kwenye sharti. Mwanasheria wao hakutaka neno lile libaki kwenye faili, kwa kuwa Muleba nzima ilikuwa na vipeperushi vyenye neno hilo, na kila mmoja angeweza kudai. Mwenye boti atie sahihi fomu ya malipo, na kwa mkono wake aandike kilichoipata boti: ilizama.

Nilimpelekea fomu nyumbani. Alinikaribisha ndizi na samaki, tukala, tukanawa. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niandike hivyo kwa mkono wangu?"

"Neno moja tu, Ma Koku. Wanalipa yote."

"Nikiandika imezama, Deusi nimemfanya nini?"

Nikaivuta fomu upande wangu.

"Boti ipo chini, najua," alisema. "Mimi si mjinga. Lakini mimi ndiye mama yake. Mtu wa kwanza kumfunga asiwe mimi."

Nilirudi na fomu tupu. Niliwaomba waandike "imelala" wenyewe, wakakataa. Niliomba "imepotea", wakakubali, naye akakataa, kwa sababu kitu kilichopotea hakijulikani kilipo na yeye alijua Wakola ilipo. Niliomba "haijarudi". Hilo Ma Koku alilikubali kwa moyo wote, na mwanasheria akaniuliza kwa barua kama ninafanya mzaha.

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Kila walipotaka kufunga faili niliandika kwamba mteja bado anatafakari. Wakabadilika mameneja, nikaanza upya kumweleza kila mmoja. Fulana wakabadilisha kipeperushi, wakaandika BOTI YAKO IKIWA NCHI KAVU, hakuna aliyenunua. Ma Koku alirudi kwenye beseni la dagaa wa watu wengine. Tulipokutana mnadani tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaulizana hali za nyumbani, na fomu hatukuitaja. Nilikasirika wakati mwingine, nisiwadanganye. Nilikuwa namwona mwanamke wa umri wangu na mzigo kichwani, na pesa zake zimekaa Mwanza zinangoja neno moja. Halafu nikifika nyumbani, nikifikiria mwanangu mimi, hasira inaniishia.

Mimi mwenyewe nilibadilika. Niliendelea kukunja pembe, lakini nikaanza kuuliza, "Boti ikilala?" Nikishajibiwa, kwenye hati ninaandika kuzama, kisha ninasoma kwa sauti yale maneno mawili pamoja ili kila mtu ajue tunazungumza kitu kimoja. Hilo nimewafundisha, mlifuate. Ta Rutta angenuna.

Sasa wiki yangu ya mwisho. Jasinta, ulikuwepo, lakini ulikuwa umeanza kazi juzi na hukujua unachokiona. Ma Koku aliingia asubuhi bila kupiga simu, amevaa vizuri, kanga zote mbili mpya. Akakaa kwenye kiti kile kile alichokiacha na chai.

"Nasikia unaondoka," alisema.

"Ijumaa, Ma Koku. Umri umefika."

"Na atakayekaa hapo, anajua kulala ni nini?"

Nilikutazama wewe, nawe ukaitazama kompyuta. "Nitamweleza," nilisema.

"Utamweleza. Na Mwanza nani atawaandikia kwamba bado natafakari?"

Alijua. Nilikuwa sijamwambia hata siku moja.

"Jumamosi tumezika mgomba," akaendelea. "Ukoo wote wamekuja, na padri. Nimeuchagua mwenyewe, mrefu. Sasa nipe ile karatasi."

"Si lazima iwe leo."

"Nimechoka, Ma Resti. Na wewe umechoka, nakuona. Nipe."

Nilimpa. Miaka yote ya kazi niliwalazimisha watu walitaje neno hilo kabla ya kutia sahihi, na asubuhi ile ningetoa chochote nisilisikie. Aliliandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi, analitamka huku anaandika, silabi moja moja. Ilizama. Halafu akaanza kushuka kwenye fomu kwa kidole. Boti. Injini. Nyavu. Matangi ya mafuta. Kidole kikafika chini, akageuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha.

"Deusi anaandikwa wapi?"

Fomu ile naijua yote kichwani. Hata hivyo niliichukua nikaitazama tena, mbele na nyuma.

"Hii ni ya boti tu," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akailaza karatasi vizuri, akaibana kwa kiganja, na pembeni, kwenye nafasi nyeupe kando ya injini, akaandika Deusdedit na jina la baba yake. Uliinua mkono kumzuia, Jasinta, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimekufundisha kwamba fomu iliyoandikwa pembeni hurudishwa. Nikakuashiria umwache.

Fomu ilikwenda Mwanza hivyo hivyo. Wamelipa boti, wamelipa injini, wamelipa nyavu. Jina lile la pembeni, hakuna aliyeuliza ni la nani.